Harambee ya kuhesabu adel wa Nzoia

Kwa wazazi, wanafunzi wa zamani na majirani wote wa shule yetu,

Tumezoea kuitwa harambee ya mabati, ya basi au ya maabara. Hii ni ya kuhesabu adel, samaki wadogo wa mtoni, na najua kuna mzazi atakayecheka. Acheke, kisha aendelee kusoma.

Wazee waliokulia kando ya mto Nzoia wanamkumbuka samaki aitwaye ningu. Mvua ya masika ikianza alitoka ziwani kwa makundi, akapanda mto kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofurika maji, na watu wakamngoja kwa migono. Nyavu za kunasia ziliingia Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, mwaka 1905. Baadaye zikatandazwa hadi kwenye midomo ya mito, zikawa zinamdaka na mayai yake tumboni. Mwaka 1965 jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki lilichapisha habari za kupungua kwa ningu, likataja na mto wetu huu. Leo yumo kwenye orodha ya samaki waliobakiza kidogo tu kutoweka duniani.

Ukiwauliza wazee wetu ningu waliisha lini, kila mmoja ana mwaka wake. Mmoja anataja mafuriko, mwingine anataja mbuta, yule samaki mkubwa mla wenzake aliyeletwa ziwani, na wa tatu anaapa kwamba aliwala juzijuzi tu. Hapa kijijini hakuna aliyekuwa akiandika.

Ndiyo maana chama chetu cha mazingira kimeanza na adel, wale samaki wa urefu wa kidole ambao watoto huwavua kwa chandarua cha mbu na kuwakausha juani. Adel haishi miaka mingi. Maji yakiharibika, kwa tope la mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni au kwa wachimba mchanga, idadi yake hubadilika upesi kuliko ya samaki wakubwa. Lakini kuhesabu mara moja hakukuambii kitu. Lazima urudi palepale, majira yaleyale, uvute wavu uleule mara zilezile, mwaka baada ya mwaka. Ukivuta mara tano leo na mara kumi mwakani, utashangilia ongezeko ambalo halipo.

Tulijaribu mwaka jana kwa vifaa vya kuokoteza. Chandarua kilijaa tope na majani, kikapasuka mvuto wa tatu. Daftari lililowa, wino wa bluu ukatapakaa, na kazi ya muhula mzima ikawa madoa. Siku hizi tunaandika kwa penseli. Tulichofaulu ni watoto kujifunza kulowesha mikono kabla ya kumshika samaki ili utelezi wake usibanduke, kumlaza kwenye rula, kusoma urefu na kumrudisha majini. Wapo sasa wanaomtambua kwa mbali yule adel mwenye doa la rangi ya chungwa shavuni. Kinachotusumbua bado ni watoto wa fwani, samaki mwingine mkubwa wa mtoni, maana wakiwa wadogo wanafanana mno na adel. Hao tunataka kuwapiga picha na kuomba msaada wa wataalamu wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, kule Kisumu.

Bajeti ni hii. Wavu wa mita 5 wenye matundu madogo, shilingi 28,000. Kabla hamjauliza: hatununui kokoro, ule wavu haramu wa kukokota; samaki wote wanarudi mtoni, na hatutaingia majini kabla ya kibali cha ofisi ya uvuvi. Kifaa cha kupima joto na oksijeni ya maji ni 46,000, na ndicho ghali kuliko vyote. Jaketi 8 za kuokolea ni 28,000. Hapo sitapunguza hata senti, mto huu unajaa ghafla. Gambuti jozi 8 ni 8,000. Wavuvi wawili watakaovuta wavu, kwa kuwa mwanafunzi haruhusiwi kupita maji ya magoti, watalipwa 500 kila mmoja kwa siku: siku 4 kwa mwaka kwa miaka 3, jumla 12,000. Yote ni 122,000. Tunazo 31,500. Zimebaki 90,500.

Mahesabu ya samaki yatabandikwa kwenye ubao ulio langoni kila baada ya zoezi, hata tukipata samaki wawili. Mahesabu ya pesa yatabandikwa papo hapo.

Tukutane uwanjani Jumamosi ya pili baada ya shule kufunguliwa, saa tatu asubuhi. Hatutakuwa na mgeni rasmi. Kamati ilikubaliana kwamba pesa za kumwandalia ziingie kwenye wavu. Michango ipokelewe na mweka hazina wa kamati ya wazazi, na msiondoke bila risiti. Asiye na pesa alete penseli au ndoo. Iwe ndoo nyeupe, tafadhali; kwenye nyeusi adel haonekani.

Mwalimu mlezi, chama cha mazingira