Mhariri, daftari la majina tu lingetusaidia

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo nimekaa nalo muda mrefu.

Mi ni mtoto wa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite. Mzee alitoka hapa Kondoa kwenda machimbo ya Mererani nikiwa darasa la kwanza, na wasioijua kazi ile niwaambie tu mshahara hakuna, mwenye mgodi anatoa chakula na vifaa, mnazama miezi hata miaka, mgodi ukitema mawe ndo mnagawana, usipotema imekula kwenu. Machi 2008 maji ya mvua yakaingia migodini watu wengi wakafia chini, mama akakesha na redio, mzee hapatikani, na wa kumuuliza hakuna maana hakuna pameandikwa nani kashuka. Kumbe alikuwa shimo lingine, simu imeisha chaji tu.

Baadaye mgodi ukatema. Weee! Tembe likavunjwa ikasimama nyumba ya tofali na bati la rangi, Noah ikaja, mi nikahamishiwa shule yenye basi la njano, na wajomba ambao sijawahi kuwaona wakawa wanakula kwetu kila Ijumaa. Miaka miwili tu. Hela iliyobaki mzee akairudisha shimoni, baruti, kompresa, haikurudi. Noah ikauzwa, mi nikaingia shule ya kata watoto wakaniita "inglishi midiamu" mpaka namaliza fomu foo.

Mzee akarudi kulekule na simu zikakata. 2020 yule mchimbaji Laizer wa Mererani alipouza mawe mawili ya tanzanite kwa bilioni 7.7, mama alikaa kwenye tivii ya jirani, jiwe hata hakuliangalia, anaangalia sura za watu walio nyuma.

Sa hivi napiga bodaboda, wadogo zangu wawili wananitegemea. Mwaka jana nikaenda Mererani mwenyewe, machimbo yamezungushiwa ukuta wa kilomita 24.5 mi nikaishia getini, wanaotoka wanapekuliwa jiwe lisipite. Mmoja akasema mzee kahamia machimbo ya Tunduru, mwingine ya Winza, bosi wake wa zamani akanijibu "hao wanakuja wanaondoka". Watu anaowalisha ugali kila siku!

Naomba wenye migodi wawe na daftari, jina, kwao wapi, namba ya simu ya nyumbani, akihama waandike kahama. Hata elfu tano haifiki hilo daftari.

Mama laini yake ile ya zamani anaiwekea vocha ya mia tano kila mwezi isifungwe.

Mtoto wa mwanaapolo,
Kondoa