Kipuri cha kutengenezewa au cha dukani: amplifaya yako inahitaji kipi?

Wateja wengi wanaotuletea amplifaya huja na orodha tayari: kapasita zilizotengenezwa kwa mkono, waya wa fedha, rezista za kuagiza. Wanataka tung'oe vya kiwandani tupachike hivyo. Kazi hiyo tunaiweza, na ingetulipa vizuri kuliko matengenezo ya kawaida. Hata hivyo, mara nyingi tunawazuia.

Tuanze na rezista. Ile ya filamu ya metali, inayotoka kiwandani kwa mamilioni, kwa kawaida haipishani na thamani iliyoandikwa kwa zaidi ya asilimia 1, na kelele yake ni ndogo mno. Zile za kaboni za zamani, ambazo siku hizi zinauzwa kama lulu, zina kelele zaidi na thamani yake huhama kadiri zinavyozeeka. Kwa aisii, yaani chipu zenye sakiti nzima ndani, ndiyo usiseme. NE5532, ya bei ndogo kabisa, imejaa kwenye miksa za studio. Muziki mwingi unaousikiliza umeshapita ndani yake kabla haujakufikia. Fundi gani atakaa mezani aunde cha kushindana nayo?

Kapasita za elektroliti zina hadithi yake. Hizi hukauka, na joto ndilo huziua: ukipunguza nyuzi 10 za Selsiasi, umri wake huongezeka takriban mara mbili. Sasa mtu anang'oa kapasita iliyokauka, anaweka ya gharama kubwa, sauti inafufuka, sifa zote zinakwenda kwenye bei. Kapasita mpya ya kawaida, yenye thamani sahihi na inayohimili nyuzi 105, ingemfufulia sauti vilevile.

Kwenye transfoma mambo hubadilika. Amplifaya ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) hupitisha muziki wote katika transfoma ya kutolea sauti, na hapo ufundi wa kusuka unasikika waziwazi. Safu za waya wa kuingiza na wa kutoa zisipopishanishwa vizuri, sauti nyembamba za juu hufifia. Chuma cha kati kikiwa kidogo, besi hukosa nguvu. Mhandisi D.T.N. Williamson alipochapisha mchoro wa amplifaya yake katika jarida la Wireless World mwaka 1947, alieleza pia jinsi transfoma hiyo inavyopaswa kusukwa. Alikuwa na sababu: sehemu ya mawimbi hurudishwa kutoka kwenye transfoma hadi mwanzo wa sakiti ili kusahihisha makosa, na transfoma dhaifu huifanya amplifaya nzima iyumbe.

Mahali pengine ambapo cha kutengenezewa kina faida ni krosova ya spika, yaani sakiti inayogawa muziki: sauti nzito ziende kwenye wufa, nyembamba kwenye twita. Ya dukani imeandikwa kuwa mkato wa kugawa uko 3000 Hz, ikidhani spika yako ni omu 8 siku zote. Spika haiko hivyo. Ukinzani wake hupanda na kushuka kulingana na sauti inayopita, kwa hiyo mkato hauangukii pale lebo inaposema. LS3/5A, spika ndogo iliyobuniwa na BBC, ilitumia wufa na twita za kampuni ya KEF zilizokuwa kwenye katalogi. Kilichotengenezwa mahsusi ni krosova, na koili yake ilikuwa na sehemu kadhaa za kuchagulia pa kuunga waya ili twita ipandishwe au ishushwe ilingane na wufa. Sisi hufuata njia hiyohiyo: tunaipima spika ikiwa ndani ya boksi lake, ndipo tunasuka koili.

Ukitaka kulinganisha vipuri nyumbani, sawazisha kwanza nguvu ya sauti kwa kupima volti kwenye tamino za spika. Kifaa kilichozidi kwa nusu desibeli tu, sikio halikitambui kuwa kimepaza. Linasema kina sauti nzuri zaidi. (Wauzaji wanalijua hili.) Kisha mwombe mtu abadilishe bila wewe kuona.

Kwa hiyo ukituletea amplifaya, tutapima kwanza na kubadilisha vilivyochoka kwa vipuri vya kawaida. Kusuka transfoma tutakushauri tu pale ya zamani ilipoungua au haifai kwa valvu ulizonazo. Kwa spika, lete zote mbili hata kama mbovu ni moja, maana krosova mpya lazima ilingane na ya pili.