YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUONDOLEWA KWA REDIO NA TUNDU LA HEDIFONI KATIKA SIMU ZENU

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nina duka la simu hapa Ifakara, na simu zenu ndizo zilizokuwa zikitoka kwa wingi hadi mlipoleta toleo jipya. Kamera yake ni nzuri kuliko ya toleo lililotangulia, lakini tundu la hedifoni halimo, redio ya FM haimo, na kadi ya memori sasa inagombea nafasi na laini ya pili.

Wateja wangu hawaulizi kasi ya prosesa. Mkulima wa mpunga anayekwenda kukaa shambani wiki nzima huuliza kama simu inatunza chaji, inashika redio, na inaingia laini mbili na memori. Akikosa mojawapo, huiacha kauntani na kuomba aonyeshwe ya kampuni nyingine, hata kama kamera yake ni hafifu. Mama mmoja aliyenunua toleo hili kwa kuliamini jina lenu alirudi kesho yake na hedifoni zake za waya mkononi, akaizungusha simu pande zote nne mbele yangu akitafuta pa kuzichomeka, kisha akadai fedha zake. Nilimrudishia, na hasara nimeibeba mwenyewe, kwa kuwa wakala wenu alikataa kuipokea simu iliyokwisha kufunguliwa.

Wakala huyo alinijibu kwamba wateja wasikilize redio kwa intaneti, jibu lililonisikitisha sana. Redio ya FM haili bando hata kidogo, kwani simu hunasa mawimbi yenyewe na waya wa hedifoni hufanya kazi ya antena. Ndiyo maana mlipoziba tundu, redio nayo ilikufa. Matangazo ya intaneti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti 58 kwa saa, hivyo mechi moja ya Simba na Yanga, pamoja na mapumziko, hupita megabaiti 100, na hapo ni pale mtandao unaposhika, jambo lisilo na uhakika mashambani. Kuhusu laini, mtu mwenye moja ya kupokelea pesa na nyingine ya mtandao unaofika kijijini kwake hawezi kung'oa hata moja ili aweke nyimbo zake za kwaya.

Kinachoniuma zaidi ni boksi, ambalo linataja megapikseli kwa herufi kubwa lakini halisemi popote kwamba redio imeondolewa.

Naomba mrudishe tundu na redio katika simu zenu za bei ya chini, boksi liseme wazi kilichomo na kisichomo, na mnifidie simu iliyorudishwa, ambayo risiti yake nimeiambatisha. Hadi nitakapopata majibu yenu kwa maandishi, sitachukua mzigo mwingine wa toleo hili.

Wako mwaminifu,
Mwenye duka la simu, Ifakara