Mzigo wa 40 kwenye seva si lazima uwe wa prosesa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo kuhusu seva za Linux zinazokwama. Hoja ya kununua mashine mpya huwa fupi: wastani wa mzigo (load average, yaani idadi ya wastani ya kazi zinazoendeshwa au zinazosubiri) umefika 40, seva ina viini 8 tu vya prosesa, basi imeelemewa. Anayeidhinisha malipo haulizi kama prosesa za seva hiyo zinafanya kazi, na mara nyingi zimekaa bure kwa zaidi ya nusu.

Namba inayotolewa na amri ya uptime haihesabu prosesa peke yake. Tangu 1993 Linux hujumlisha pia michakato (programu zinazoendeshwa) iliyolala usingizi usioamshika, yaani hali ya D, ambayo kwa kawaida inasubiri diski. Sababu ilikuwa ya maana: bila hivyo, ukiweka swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) kwenye diski ya polepole zaidi mzigo ungeonekana umepungua, ilhali watumiaji wanateseka zaidi. Kwa hiyo ile 40 inaweza kuwa michakato 2 inayotumia prosesa na 38 iliyo kwenye foleni ya diski. Kuongeza viini hapo ni kuongeza madirisha ya tiketi wakati basi lenyewe halijafika.

Ushahidi uchukuliwe seva ikiwa bado imekwama, maana ukiiwasha upya umeufuta:

ps -eo state,pid,wchan:32,cmd | grep ^D

Safu ya tatu inataja mchakato umelala kwenye kipande gani cha msimbo wa kerneli, yaani kiini cha Linux kinachosimamia mashine. Ukitaka mnyororo mzima wa miito iliyoufikisha hapo, soma /proc/PID/stack kwa mamlaka ya root, ukiweka namba ya mchakato mahali pa PID. Kwenye kerneli 4.20 na kuendelea, kama kipimo cha msongamano (PSI) kimewashwa, soma pia /proc/pressure/io. Mstari wa full ukionyesha avg10=35, maana yake ndani ya sekunde 10 zilizopita, kwa asilimia 35 ya muda, kila mchakato uliokuwa na kazi ya kufanya ulikuwa umesimama ukisubiri diski. Namba hiyo mimi naiamini kuliko wastani wa mzigo.

Majina mawili hujirudia sana kwenye ile safu ya tatu: balance_dirty_pages na jbd2_log_wait_commit. Yakitokea pamoja usiku, wakati wa kunakili chelezo (nakala za akiba), kisa kiko hivi. Programu ikiandika faili, data hukaa kwanza kwenye RAM. Kerneli huanza kuipeleka diskini inapofika asilimia 10 ya kumbukumbu inayopatikana, na ikikaribia asilimia 20 huzizuia programu zinazoandika zisiendelee. Enzi za RAM ndogo, asilimia hizo zilikuwa data kidogo tu. Seva yenye GB 60 zinazopatikana inaruhusiwa kulimbikiza GB 12, na diski ya kuzunguka inayoandika MB 150 kwa sekunde inahitaji sekunde 80 kuzimaliza, tena kama data imepangika vizuri. Katikati ya hapo hifadhidata inaomba fsync, yaani data ifike diskini sasa hivi, ya kilobaiti chache. Kwenye ext4 ya kawaida (mfumo wa mafaili wa Linux), jonali, yaani daftari la mabadiliko yake, haiwezi kufunga muamala (fungu la mabadiliko) mpaka data mpya ya mafaili yaliyomo kwenye muamala huohuo ifike diskini, na chelezo ni mojawapo. Kilobaiti chache zinasubiri gigabaiti.

Tiba ni kuweka kikomo kwa baiti badala ya asilimia:

sysctl -w vm.dirty_background_bytes=268435456
sysctl -w vm.dirty_bytes=1073741824

Sasa kikomo cha juu ni GB 1, ambayo diski ileile huimaliza kwa sekunde 7 hivi. Ukiweka baiti, asilimia hujigeuza sifuri, usishtuke. Mpangilio ukishathibitika, uandike kwenye faili chini ya /etc/sysctl.d, la sivyo utapotea seva ikiwashwa upya.

Kuna desturi moja naomba ikome: kuweka kwenye cron (kipanga ratiba cha kazi), kila saa, amri ya kuandika 3 ndani ya /proc/sys/vm/drop_caches, eti kusafisha RAM. Amri hiyo haigusi data inayosubiri kuandikwa. Inatupa kache safi tu (nakala za RAM za data ambayo tayari iko diskini), kisha kila programu inarudi kusoma upya kutoka kwenye diski ileile iliyolemewa. Anayeiogopa safu ya free kwenye amri ya free aangalie ya available. Hiyo ndiyo kumbukumbu ambayo programu mpya inaweza kuipata.

Kama michakato haiko kwenye D, na amri ya top inaonyesha sy (muda wa prosesa unaotumiwa na kerneli) iko juu, hapo kweli kerneli inakula prosesa. Rekodi kinachoendeshwa kwa perf record -F 99 -a -g -- sleep 30, kisha fungua perf report. Mara 99 kwa sekunde badala ya 100 ni kukwepa kwenda sambamba na saa ya mfumo.

Kuhusu chelezo, ionice (amri ya kupunguza kipaumbele cha mchakato kwenye diski) haisaidii sana, kwa sababu maandishi yanayopitia kwenye kache hupelekwa diskini na nyuzi za kerneli, si na mchakato uliopunguziwa kipaumbele. Kwenye cgroup v2 (toleo la pili la mfumo wa kerneli wa kuwekea makundi ya michakato vikomo), endesha chelezo kama huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) yenye IOWriteBandwidthMax=/dev/sda 60M, na MemoryAccounting iwe imewashwa. Kwenye cgroup v1 kikomo hicho hakishiki maandishi ya kache.

Msimamizi wa mifumo,
Morogoro