Picha ya kasuku isisomwe kama ya binadamu

Mhariri,

Kwa miaka 31 nilifanya kazi ya kupiga eksirei za binadamu kabla ya kustaafu, na katika muda wote huo sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ndege angenionyesha jinsi macho yaliyozoea mwili wa aina moja yanavyoweza kumpotosha mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu jambo lililonifika linagusa mafunzo ya madaktari wa mifugo katika nchi zetu. Linamgusa pia kasuku wa kijivu, ndege ambaye misitu ya Kongo na Uganda ndiyo kwao, lakini ambaye uchunguzi mkubwa wa maumbile yake ya ndani umefanyika mbali sana na misitu hiyo.

Jirani yangu hapa Mombasa, mama anayefuga kasuku kwa kibali, alinijia jioni moja na bahasha yenye picha mbili za eksirei, moja ikiwa imepigwa ndege akiwa amelazwa chali mbawa zimenyooshwa, na ya pili akiwa ubavu. Ndege alikuwa amekataa kula na alikuwa akitapika. Aliyezipiga picha hizo aliijua mashine yake vizuri, lakini hakuthubutu kuzifasiri. "Mzee, haya ndiyo uliyokuwa ukiyafanya kazini," akaniambia, "hebu niangalizie." Nikaziinua kwenye mwanga wa dirisha, nikashtuka, kwani pande zote mbili za tumbo palikuwa na weusi mpana wa hewa. Kwa binadamu, hewa iliyotanda tumboni nje ya utumbo ni dalili kwamba utumbo umetoboka, na mgonjwa wa namna hiyo hukimbizwa kwenye chumba cha upasuaji. Nilimwambia hivyo, na usiku ule mama wa watu hakulala.

Siku mbili baadaye, daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa ndege alizitazama picha zilezile na kutueleza kwamba weusi ule ulikuwa vifuko vya hewa, navyo vilikuwa vizima kabisa. Kisha akatuonyesha vipande viwili vyeupe ndani ya firigisi, vidogo kama punje za mchele, ambavyo mimi niliviona lakini nikadhani ni changarawe, kwa kuwa tangu utoto najua kwamba kuku humeza mawe. Changarawe haing'ai kiasi kile. Vilikuwa vipande vya madini ambavyo ndege alikuwa amevitafuna kutoka kwenye tundu lake, na sumu ya risasi au zinki humlegeza kasuku na hata kumuua ikicheleweshewa tiba. Kilicho kizima nilikuwa nimekiita ugonjwa, na ugonjwa wenyewe nilikuwa nimeupita. Ndege alitibiwa akapona, lakini siku mbili zile zilizopotea kwa ushauri wangu zinanisumbua mpaka leo.

Tangu wakati huo nimejifunza kadiri nilivyoweza, na naomba nieleze kidogo, kwa maana wengi wanaofuga ndege hawajui walichonacho mkononi. Ndege hana kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kama chetu. Mapafu yake yameshikamana na mbavu upande wa mgongoni na karibu hayatanuki kamwe, bali hewa husukumwa na vifuko vyembamba, ambavyo kwa kawaida ni tisa, vilivyoenea kuanzia shingoni hadi tumboni na kuingia hata ndani ya mfupa mkubwa wa bawa ulio karibu na bega. Ili vifuko hivyo vijae, ni lazima kidari kiinuke na kushuka, na ndiyo maana anayemshika kasuku kwa kumbana kifua humziba pumzi hata kama hakumgusa shingo. Mpiga picha asiyejua hilo anaweza kumuua ndege mezani huku akijitahidi kumtuliza.

Hewa hiyohiyo ndiyo inayoamua kipimo kipi kitafaa. Ultrasaundi, ambayo kwetu ni kipimo cha kila siku, kwa ndege hupata upenyo mdogo tu, kwa sababu mawimbi ya sauti hayapiti penye hewa, na mara nyingi daktari hulazimika kutazama moyo na ini kupitia sehemu ndogo iliyo nyuma ya ncha ya kidari. Eksirei inafaa, lakini hulaza viungo vyote kimoja juu ya kingine. Kipimo cha CT, yaani eksirei inayounganishwa na kompyuta, huuonyesha mwili kwa picha za vipande vyembamba kwa muda wa sekunde chache na kuonyesha kila kifuko peke yake, hata ukungu ulioota ndani yake, jambo ambalo ni baraka kwa mgonjwa mwenye uzito wa takriban nusu kilo asiyeweza kuvumilia nusukaputi ndefu. Kuna pia mitego ambayo mtu wa hospitali za binadamu hawezi kuikisia. Jike anayekaribia kutaga hujaza chokaa ndani ya mifupa yake mirefu, na kwenye picha mifupa hiyo huonekana myeupe na mizito kiasi kwamba mimi, kwa mazoea yangu, ningeandika kwamba ana maradhi ya mifupa.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ile ya daktari wa ndege Scott Echols wa jimbo la Utah, Marekani, aliyeanzisha mradi wa kuchora maumbile ya ndani ya kasuku wa kijivu kwa picha za CT. Yeye na wenzake hutia ndani ya mishipa ya ndege aliyekufa dawa ya kung'arisha picha iitwayo BriteVu, kisha humpiga kwa mashine ya CT ya vipimo vidogo sana, na mishipa ikatokea hadi ile iliyo myembamba kama unywele. Picha yao ya mishipa ya kichwa na shingo ya kasuku ilikuwa miongoni mwa zilizoshinda tuzo za picha za Wellcome nchini Uingereza mwaka 2017. Uzuri wake ni mkubwa, lakini manufaa yake kwa tabibu ni makubwa zaidi, kwa sababu kasuku wa kijivu anapozeeka huandamwa mno na ugonjwa wa kukakamaa kwa mishipa mikubwa ya damu, na asiyeijua mishipa iliyo mizima hawezi kuitambua iliyoharibika.

Vitabu vingi vya maumbile ya ndege humchukua kuku kuwa mfano, na kwa mashamba yetu hilo ni sawa. Hata hivyo, kasuku si kuku. Hana yale matawi mawili ya utumbo yaliyozibwa ncha ambayo kila aliyechinja kuku ameyaona, na mdomo wake wa juu una kiungo kinachouwezesha kuinuka peke yake kwenye fuvu. Navisihi vyuo vya tiba ya mifugo vya Kabete, Morogoro na Makerere viwape wanafunzi wao nafasi ya kuzisoma picha za kasuku wazima na wagonjwa kabla hawajakutana nao kliniki, na wapiga eksirei wa binadamu wanaoombwa msaada na majirani wao waalikwe katika masomo hayo.

Nina ombi la pili. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 uliamua kumwingiza kasuku wa kijivu katika Kiambatisho cha Kwanza, na biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Walanguzi hawakukoma, na baadhi ya ndege wanaonaswa mikononi mwao hufa wakiwa tayari wamefikishwa kwenye vituo vya uokoaji. Naomba mamlaka za wanyamapori zikubaliane na vyuo kwamba kila mzoga wa aina hiyo upelekwe mbichi, siku ileile, upigwe eksirei na CT panapokuwa na mashine, na picha zihifadhiwe pamoja na maelezo ya umri, jinsia na chanzo cha kifo, kabla haujachomwa au kuzikwa. Mimi niko tayari kusaidia kuzipanga picha hizo bila malipo, na nawajua wastaafu wenzangu wawili ambao wamekubali kufanya vivyo hivyo.

Mpiga eksirei mstaafu,
Mombasa