Moto wa kijani kwenye bomba la shaba

Tudor, Mombasa

Ndugu yangu Athumani,

Salaam alaikum. Mzee hajambo? Kaskazi hii friji zenyewe zahema, najua huna nafasi, lakini soma mpaka mwisho.

Ni hili la fundi wako Swaleh, uliloniandikia. Wasema alikuwa akibandua kiungo kwa moto, moto ukageuka kijani, akakohoa, akanywa maziwa, jioni akenda kucheza mpira. Maziwa, Athumani! Maziwa huenda tumboni.

Ule ukijani ulikuwa R-22, gesi ya kupozea friji, iliyobaki bombani. Ina klorini, na ikipita motoni hutoa moshi wa asidi pamoja na fosijini kidogo, gesi ya sumu. Asidi huwasha macho na pua, mtu akakimbia mwenyewe. Fosijini haiyeyuki upesi kwenye majimaji ya pua na koo, basi hupita kimya hadi chini kabisa, kwenye vifuko vya hewa, kila kimoja hakifiki nusu milimita. Ukuta wa kifuko ni mwembamba mno, ndio maana oksijeni hupenya kuingia damuni. Gesi hii huuharibu, ukavuja, na maji ya damu yakajaa pale penye hewa. Hujaa polepole. Mtu aweza kukaa saa kadhaa, hata 24, akicheka na watu, kisha akahema kama aliyezama. Wala usitegemee harufu ya majani yaliyokatwa: kiwango cha juu kinachokubaliwa kazini ni sehemu 0.1 kwa milioni ya hewa, na pua huinusa ikishapita hapo.

Kasalimika, alhamdulillahi. Lakini ule mpira! Kujichosha huzidisha madhara. Ikitokea tena, atoke nje, akae, asibebe hata spana, apelekwe hospitali hata kama hana kitu, na aseme wazi kavuta moshi wa gesi ya friji, wamwangalie usiku kucha. Dawa ya kuiondoa fosijini hakuna. Kuna oksijeni na kupumzika.

Na kiungo cha zamani kikatwe kwa kikata bomba, si kwa moto. Kwanza vuta gesi yote kwenye mtungi. Geji ikisoma sifuri usidanganyike, mafuta ya kompresa bado yameficha gesi ileile, yakipata joto yaitoa. Pitisha naitrojeni bombani polepole isukume mabaki, ncha ya pili iwe wazi, feni mgongoni, mlango wazi.

Ile stoo bado haina dirisha? Mtungi wa kuvutia gesi unao, ama Kombo hajaurudisha? Na Swaleh bado achomelea na sigara mdomoni? Zile friji za samaki ni R-22 zote? Nijibu kabla hajashika moto tena.

Wako,
Salim