Mbao za kabati lako

Mwanangu, mama yangu mpendwa,

Huku Tabora hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Ulinieleza kwenye simu kwamba unataka kutengeneza kabati la vyombo mwenyewe hapo Kigoma, na fundi kakwambia ukipata mninga umemaliza kazi. Maneno hayo nimelala nayo siku mbili. Mninga ni mti mzuri, sibishi. Lakini kabla ya kuuliza ni mti gani, uliza umekauka?

Unalikumbuka kabati la sebuleni, lile ambalo mlango wake una ufa wa kupitisha kidole? Ule ni mninga mtupu. Mbao nilizinunua mwezi wa pili, mvua zimekolea, zimetoka porini upande wa Sikonge majuma machache tu. Muuzaji akaapa kwamba ni kavu, nami nilikuwa na haraka, maana wewe ulikuwa karibu kuzaliwa. Nikaunga, nikatia gundi kila upande, nikapaka vanishi. Mwezi wa tisa, jua la kiangazi linawaka, usiku tukasikia paa! Mama yako akadhani ni mwizi. Ubao ulikuwa unasinyaa, na mimi nilikuwa nimeubana pande zote nne, ukapasuka katikati.

Kwa hiyo ukifika kwa wauza mbao usianze na bei. Chukua mbili za mti mmoja na kipimo kimoja, uzinyanyue kwa zamu. Mara nyingi ile nzito ndiyo yenye maji. Iguse kwa shavu, mbichi ina ubaridi. Igonge kwa kifundo cha kidole: kavu inalia, mbichi sauti yake inafia ndani. Halafu iangalie kwenye ncha. Kiini cha mninga, kile cha kahawia chenye michirizi, wadudu hawakiwezi kirahisi. Weupe wa pembeni ndio chakula cha bungua. Ukiona vitundu vidogo na unga laini kama wa muhogo unadondoka, irudishe hapohapo.

Ukikosa mninga, paini inafaa kwa rafu, ni nyepesi na inarandika vizuri, ila iwe imetiwa dawa. Mbao za unga wa mti uliogandishwa kwa gundi usiziweke jikoni. Ndoo ikimwagika mara moja tu, zinavimba na hazirudi.

Na risiti uidai, mwanangu. Mninga hukua kwa miongo mingi, na misitu yetu ya miombo huku imeliwa sana na mkaa na mabani ya kukaushia tumbaku. Ubao wa wizi sitaki uingie nyumbani kwako.

Ukishanunua, usikimbilie msumeno. Zipange ndani kivulini, zisiguse sakafu, weka vijiti katikati ya kila ubao na mwenzake ili hewa ipite. Ubao wa unene wa inchi 1 wazee waliupa mwaka mzima ukauke. Na ukifika kwenye mlango, ubao wa kati uchomeke kwenye mfereji wa fremu bila gundi, uache upenyo kidogo uweze kupumua masika na kiangazi.

Juu ya dari ya jiko nina mbao 4 za mninga, kila moja nimeiandika kwa penseli mwaka nilioipandisha: 2019. Nilikuwa nazitunza bila kujua za nini. Nipimie ukuta wako kwa sentimita, urefu na upana, nizipakie kwenye treni.

Baba yako